Kufua Kisu: Kazi ya Subira na Uaminifu

Hapana nyumba isiyo na kisu. Mama hukishika asubuhi akimenya ndizi za mtori, baba hukitafuta siku ya Idi ya Kuchinja, mkulima wa mitelemko ya Meru hukichukua shambani, na kijana wa malishoni huifunga sime kiunoni kabla ya kuwafungulia ng'ombe. Ni chombo tukitumiacho kila siku, lakini ni wachache mno kati yetu wanaouliza: Je, nani aliyekifua? Alikijaribu kabla ya kukiuza? Na makali yakilegea baada ya siku mbili, kosa ni la chuma au la mkono?

Katika mji wa Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, kijana apendaye kazi ya mikono aweza kuanza kufua visu katika saa zake za mapumziko bila mtaji mkubwa. Chuma chakavu kipo katika gereji, mkaa upo sokoni, na kipande cha bustani chatosha kuwa kiwanda. Kuanza ni rahisi. Kukua ndiko kugumu. Wengi hufua kisu kimoja, wakakitundika ukutani, wakaacha. Wachache huendelea, na hao wachache hugundua jambo ambalo hawakulitazamia.

Katika makala hii twataka kueleza namna mtu akuavyo katika kazi hiyo, tangu kisu chake cha kwanza kilicho kizito na butu, hata afikie kile awezacho kumpa jirani bila haya. Nasi twapenda msomaji ashike neno moja tangu mwanzo. Wema wa kisu haumo katika kung'aa kwake. Umo ndani ya chuma, mahali pasipoonekana na jicho la mnunuzi. Kwa hiyo kukua kwa mfua visu ni kukua kwa uaminifu wake, zaidi ya kukua kwa nguvu za mkono wake.

WAHUNZI WA NCHI HII

Kazi hii si ngeni kwetu. Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wachunguzi walikuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za zama za kale sana, nyingine zikikaribia miaka 2,000, na habari hizo zilitangazwa duniani mwaka 1978. Karibu nasi zaidi, katika milima ya Upare, ukoo wa Washana ulijulikana kwa kuyeyusha na kufua chuma, na chuma cha Upare kilivuka nyika hata kikafika kwa Wachaga. Wahunzi wa Mamba, upande wa mashariki wa Kilimanjaro, walikifua kuwa majembe na mikuki, na mikuki mingi ilinunuliwa na Wamasai. Wameru, ambao lugha yao ni ndugu ya Kichaga, na Waarusha, ambao husema Kimasai, waliishi jirani na biashara hiyo.

Lakini jambo la kusikitisha ni hili. Kwa Wamasai wahunzi waliitwa Ilkunono, nao walihesabiwa kuwa watu wa chini. Morani alitembea kwa fahari na mkuki uliofuliwa na mhunzi, ilhali hakuruhusiwa na desturi kumwoa binti wa mhunzi huyo. Waandishi wa mwanzo wa karne ya 20 walieleza kwamba mtu aliyepokea silaha kutoka kwa mhunzi alijipaka mafuta mkononi kwanza, ili asipatwe na unajisi alioudhania. Penginepo, kama kwa Wachaga, mhunzi aliogopwa zaidi kuliko kudharauliwa, kwani watu waliamini kwamba laana yake ni nzito kuliko laana za wengine.

Dharau hiyo imepungua sana, lakini haijafa. Imebadili mavazi tu. Hata leo mzazi aweza kumsikia mwanawe akitamani ufundi wa chuma naye akakunja uso, akaona ni kazi ya moshi na masizi isiyomfaa kijana aliyesoma. Mzazi huyo huyo, Idi ikikaribia, huzunguka mji mzima akitafuta kisu kizuri.

MHUNZI MBELE YA DINI

Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kumdharau mhunzi. Katika Kurani Tukufu kuna sura nzima iliyopewa jina la chuma, Sura Al-Hadid, nayo yatukumbusha kwamba chuma kimeteremshwa kikiwa na nguvu kubwa na manufaa kwa watu. Nabii Daudi (a.s.) alilainishiwa chuma, akafundishwa kufuma deraya zenye pete zilizopimwa sawasawa, naye, kwa mapokezi ya Bukhari, alikula kwa kazi ya mikono yake mwenyewe.

Sahaba Khabbab bin Al-Aratt (r.a.) alikuwa mhunzi wa Makka. Alimfanyia kazi Al-As bin Wail, na alipokwenda kudai ujira wake, tajiri huyo alikataa kumlipa mpaka amkane Mtume Muhammad (s.a.w.). Khabbab hakukubali. Mali yake ilibaki mikononi mwa dhalimu, lakini imani yake haikuuzwa. Huko Madina, Ibrahim, mwana wa Mtume, alinyonyeshwa katika nyumba ya mhunzi aliyeitwa Abu Saif. Mtume mwenyewe alikwenda huko kumtazama mwanawe, katika nyumba iliyojaa moshi wa mivuo, akambeba na kumbusu. Ikiwa nyumba ya mhunzi haikumtia kinyaa Mtume wa Mungu, sisi ni nani hata tuikirihi?

Kuna mataifa yaliyoitambua thamani ya ufundi huu. Nchini Oman, waliko ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, jambia limo katika nembo ya taifa, na mwaka 2022 ufundi wa kulitengeneza uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mkono wa fundi wa Nizwa na mkono wa fundi wa Ngaramtoni ni mkono mmoja mbele ya moto. Tofauti ni heshima tu ambayo kila mmoja hupewa na watu wake.

KISU CHA KWANZA

Sasa na tumfuate kijana anayeanza. Hatumsemi mtu fulani. Twasema yale yawapatayo karibu wote.

Kwanza, kijana hutaka kufua upanga. Ameona sime ya Kimasai, bapa lake likipanuka kuelekea ncha, ala yake ya ngozi nyekundu, na moyo wake umetekwa. Mwalimu mwenye busara humkataza. Chombo kirefu hupinda kirahisi motoni, hudai moto mpana ulio sawa kutoka mwanzo hata mwisho, na kila kosa huongezeka kwa urefu wake. Aanze na kisu cha jikoni, bapa lake inchi 4 au 5. Kisu kidogo hufundisha yote yaliyomo katika kikubwa, tena kwa hasara ndogo.

Pili, kijana huokota chuma chochote. Aghalabu huwa ni kipande cha nondo kilichobaki katika ujenzi. Hukipasha, hukiponda, hukipiga tupa na msasa hata kikang'aa kama kioo. Wote nyumbani hukisifu. Lakini mama akikatia nyanya mbili, makali hulala. Akikata mfupa, hujikunja. Kijana hudhani hakukinoa vema, hukinoa tena, nayo hulala tena.

Sababu yake ni kwamba chuma na pua si kitu kimoja. Pua ni chuma kilichochanganyika na kaboni kwa kipimo maalumu, na kaboni hiyo kidogo ndiyo iipayo ugumu inapopita motoni. Katika nondo ya kawaida kaboni aghalabu haizidi sehemu 3 katika 1,000, na hiyo haitoshi kushika makali. Katika springi za magari huwa yapata sehemu 6 katika 1,000. Katika tupa nzuri za zamani huwa sehemu 10 au zaidi. Basi springi iliyotupwa gereji ina thamani kubwa kwa mfua visu kuliko rundo la nondo mpya, na tupa iliyokwisha meno yaweza kuzaliwa upya ikiwa kisu.

Lakini hata hapo yafaa kuwa macho. Springi iliyobeba lori kwa miaka katika barabara mbovu yaweza kuwa na nyufa ndogo kama unywele, zisizoonekana mpaka kisu kipasuke. Chuma kilichopakwa zinki, kama vile mabati na mabomba ya maji, kisitiwe motoni kabisa, kwani moshi wake ni sumu. Na jambo la tatu ni la dhamiri. Kipande cha reli ni fuawe nzuri sana kwa fundi asiye na fedha, nacho huonekana kwa wauza vyuma chakavu. Reli iliyofika Arusha mwaka 1929, ambayo treni za abiria zilirejea juu yake mwaka 2020 baada ya kukoma kwa miaka mingi, ni mali ya umma. Fundi aulize kipande hicho kimetoka wapi. Kazi ianzayo juu ya fuawe ya wizi haitakuwa na baraka.

Tatu, kisu cha kwanza huwa kinene. Kijana huogopa kukipunguza, akidhani unene ni nguvu. Matokeo yake ni kisu kisichokata bali kipasuacho: karoti hutengana kwa kishindo kama kuni mbele ya shoka. Kisu cha jikoni chatakiwa kisizidi milimita 2 au 3 mgongoni, na kiende kikipungua mpaka, kabla ya kunolewa, ukingo wake uwe mwembamba kuliko nusu ya milimita. Ukilinganisha kisu cha kwanza cha fundi na cha kumi, tofauti ya kwanza utakayoiona ni uzito.

SIRI YA MOTO

Kisu kikishapata sura kwa nyundo na tupa, kingali laini. Hapana budi kipite motoni kwa namna tatu, na kila moja ina maana yake. Hapa ndipo mwanafunzi hutengana na fundi.

Moto wa kwanza ni wa kupumzisha. Nyundo huacha misukosuko ndani ya chuma, sehemu moja imebanwa na nyingine imevutwa. Fundi hukipasha kisu mpaka kiwe chekundu, hukiacha kipoe polepole hewani, na hurudia hivyo mara mbili au tatu. Wanaoanza huiruka hatua hii kwa kuwa haionyeshi kitu kwa macho. Kisha kisu kikipinda au kupasuka baadaye, hawajui ni kwa nini.

Moto wa pili ni wa kutia ugumu. Kisu hupashwa mpaka kiwe chekundu chenye kung'aa, joto la yapata digrii 800 za sentigredi na kupita kidogo. Aliye na sumaku ana mwalimu wa bei nafuu: chuma kikifika karibu digrii 770, sumaku huacha kukishika, na fundi huongeza joto kidogo tu baada ya hapo. Kazi hii yafaa kufanywa kivulini, au jioni baada ya sala ya magharibi, maana jua la mchana hudanganya macho, na wekundu uonekanao hafifu juani waweza kuwa moto uliokwisha pita kiasi. Katika joto hilo kaboni huenea sawasawa ndani ya chuma. Kisha kisu huchovywa kwa ghafula, na kaboni hukamatwa pale ilipo kabla haijapata nafasi ya kujitenga. Huo ndio ugumu.

Wengi huchovya katika maji, wakasikia mlio mdogo kama wa kioo, na wakaliona bapa lina ufa. Maji hupoza kwa kasi mno kwa pua ya springi. Mafuta ni salama zaidi. Na mafuta ya alizeti, yaliyo tele katika nchi yetu, hufaa sana yakipashwa kwanza mpaka yapata digrii 50. Mafuta machafu ya injini yaachwe, kwa kuwa moshi wake una madhara. Fundi achovye katika chombo cha chuma chenye kifuniko, asimame upande, na watoto wawe mbali, kwa sababu mafuta yaweza kushika moto.

Kisu kilichotoka katika mafuta ni kigumu sana, hata tupa huteleza juu yake kama juu ya kigae. Kijana hufurahi, akadhani kazi imekwisha. Kumbe sasa kisu ni kama gilasi: kikianguka sakafuni huvunjika vipande viwili. Ndipo huja moto wa tatu, ulio mpole kuliko yote. Kisu hutiwa katika tanuri ya kuokea mikate, joto la yapata digrii 200, kwa saa mbili, hupoa, kisha hurudishwa kwa saa mbili nyingine. Bapa lililosuguliwa hugeuka rangi ya majani makavu, na hiyo ndiyo dalili ya kisu cha jikoni. Likiachwa lipate joto zaidi hugeuka kahawia, kisha zambarau, kisha buluu; na kila rangi ni ugumu uliopungua na uvumilivu ulioongezeka. Panga la kukatia migomba lahitaji uvumilivu zaidi; kisu cha nyama chahitaji ugumu zaidi.

Tazama basi, ndugu msomaji. Kisu kilichopita mioto yote mitatu na kisu kilichochovywa tu kikasuguliwa hufanana mezani kama mapacha. Mnunuzi hawezi kuvitenga. Anayejua ni wawili tu: fundi na Mola wake.

KUVUNJA ILI KUJUA

Kwa sababu hiyo, alama ya fundi anayekua ni kwamba hukijaribu kisu chake kabla hakijajaribiwa na mwingine. Jaribio la kwanza ni tupa, baada ya kuchovya. La pili ni kipande cha shaba: makali yakikandamizwa juu yake yapinde kidogo kisha yarudi, yakibaki yamepinda, kisu ni laini, yakimeguka, ni kigumu mno. La tatu ni kamba ya katani, ambayo haina uhaba Tanzania. Ikatwe mara nyingi, kisha kisu kikate karatasi. Kisu kizuri hukata karatasi hata baada ya kazi hiyo, kibovu huichana.

La nne ni gumu kuliko yote, si kwa mkono bali kwa nafsi. Fundi huchukua kisu kimoja kati ya vile alivyovifua kwa njia ile ile, hukibana katika jiliwa, na hukivunja kwa makusudi ili aone ndani. Chembe zikiwa laini kama majivu, moto ulikuwa wa kiasi. Zikiwa kubwa kama chumvi ya mawe, moto ulizidi, na visu vyote vya namna hiyo havina uimara. Kuvunja kazi ya siku nne ili kuijua kweli si jambo jepesi. Anayeanza hukilinda kisu chake asiambiwe aibu yake. Aliyekua hukivunja ili ajifunze.

Huko Marekani, chama kiitwacho American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976, huwapima wafua visu wake kwa njia ifananayo na hiyo. Kisu kimoja cha mtahiniwa hukata kwa pigo moja kamba ininginiayo yenye unene wa inchi 1, kisha hukatakata ubao wa mbao mara mbili, kisha hunyoa nywele za mkono kwa makali yale yale bila kunolewa tena. Mwishowe hubanwa katika jiliwa na kupindwa digrii 90, nacho hakiruhusiwi kuvunjika. Baada ya hapo ndipo visu vyake vingine hutazamwa uzuri wa sura. Utaratibu huo una hekima: urembo husemwa baada ya ukweli kuthibitika.

Fundi wa Arusha hana haja ya kwenda huko. Aweza kuwa na daftari, akaandika kila kisu: chuma kilitoka wapi, kilipashwa mara ngapi, kilichovywa katika nini, na kilivunjika vipi. Daftari la mwaka mmoja laweza kumfunza mengi kuliko visu vyenyewe.

MPINI, MAKALI NA ALA

Mpini ndio sehemu ishikwayo, nao hudai kipimo cha mkono wa mtumiaji. Mizeituni mwitu, ambayo kwa Kimasai huitwa oloirien, jina tulijualo pia katika kata ya Oloirien hapa mjini, hutoa mti mgumu wenye mistari mizuri. Mpingo ni mgumu zaidi na mweusi, lakini vumbi lake huwasha pua na ngozi, na fundi hana budi kuvaa barakoa. Pembe ya ng'ombe hufaa na hupatikana machinjioni. Ama pembe za ndovu na viungo vya wanyama wa porini, hivyo haviguswi: biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989, na nchi yenye hifadhi kama zetu haiwezi kuuza urithi wake kwa ajili ya mpini.

Makali hunolewa juu ya kinoo kwa pembe ya digrii 15 hata 20 kila upande, polepole, pande zote kwa hesabu sawa. Hapa twakumbuka mafundisho ya Mtume (s.a.w.), yaliyopokewa na Shaddad bin Aus na yaliyomo katika Sahihi ya Muslim, kwamba wema umeamrishwa katika kila jambo, hata katika kuchinja, mwenye kuchinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Tena imepokewa kwamba alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu huku mnyama amelazwa akimtazama. Kumbe ukali wa kisu ni huruma. Yeye auzaye kisu laini kwa jina la kisu kizuri hakumdhulumu mnunuzi peke yake; amemdhulumu na mnyama asiyeweza kushitaki.

Ala nayo si pambo. Imepokewa kwamba Mtume alikataza mtu kumpa mwenzake upanga ulio wazi, na kwamba aliwaagiza wapitao msikitini au sokoni na mishale wazishike ncha zake wasije wakamjeruhi Mwislamu. Fundi atakayefuata adabu hiyo hatamkabidhi mtu kisu bila ala, wala hatakiacha wazi mezani mbele ya watoto. Vilevile hatamuuzia mtu aliyewaka hasira, maana wanazuoni wamekataza kuuza silaha wakati wa fitina. Sime kiunoni mwa mchungaji ni chombo cha kazi na heshima ya desturi; sime hiyo hiyo mkononi mwa kijana mgomvi ni msiba kwa mama wawili, wa aliyepiga na wa aliyepigwa.

WITO KWA WAZAZI NA VIJANA

Mji wetu ulilipa jina Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililowahimiza watu kujitegemea. Si sifa njema kwa mji huo kununua kila kisu cha jikoni kutoka ng'ambo, huku springi zikioza nyuma ya gereji. SIDO iliundwa mwaka 1973 ili kuvisaidia viwanda vidogo, na VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994 ili kusimamia mafunzo ya ufundi. Zaidi ya hayo, wako mafundi wahunzi wanaofanya kazi kando ya barabara, ambao elimu yao haikuandikwa katika kitabu chochote. Kijana amwendee mmoja wao kwa adabu, amwite fundi au mzee kwa heshima, amvutie mivuo, amfagilie kiwanda, naye ataonyeshwa rangi ya moto kwa macho yake mwenyewe. Kwani rangi hiyo haifundishwi kwa maneno.

Nanyi wazazi, mtoto akiwa na hamu hiyo, msimvunje moyo, wala msimwache peke yake. Mnunulieni miwani ya kukinga macho kabla ya nyundo. Mchagulieni mahali penye hewa, mbali na nyasi na paa la makuti, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Wekeni saa ya kazi isiyogongana na masomo wala sala. Na akiwaletea kisu chake cha kwanza, msikisifu kwa uongo. Kitumieni wiki moja, kisha mwambieni kweli: kimelegea hapa, ni kizito hapa, mpini waumiza kidole hiki. Sifa ya uongo humfunga mtu katika kisu chake cha kwanza. Neno la kweli humfikisha katika cha kumi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu mikono yenye ustadi na nyoyo zenye kuogopa kudanganya, hata pale mnunuzi asipoweza kuona. Amin.